Glasi Juu ya Injini

Sharti lilikuwa moja tu, na aliyeliweka ni kitindamimba wake mwenyewe. Saa kumi jioni angekuja kuweka glasi iliyojaa maji juu ya injini ya gari la mama yake, injini ikiwa inanguruma. Maji yakimwagika, gari linauzwa. Yasipomwagika, hatagusia tena habari za kuuza. Mama huyo, mkunga mstaafu, alikubali papo hapo, kwa ule mdomo wake usiojua kunyamaza. Sasa saa nane ilishapita, na gari lilikuwa linatetemeka kama mtu mwenye homa.

Gari lenyewe, tusidanganyane, halikuwa la kutambia watu. Rangi ilishababuka na dirisha moja lilipandishwa kwa kusukumwa na kiganja. Lakini kwa miaka thelathini na mitano lilimfikisha mkunga kwa kila mama aliyeshikwa na uchungu mitaa ile. Fundi aliyekuwa ameinamia injini saa hiyo alizaliwa kwenye kiti chake cha nyuma, na mkunga hakuwahi kumwacha asahau hilo.

"Siku ile ulilia mara moja tu ukanyamaza," alimwambia. "Mbona gari langu umelifanya lilie tangu asubuhi?"

"Bibi, nihurumie. Plagi nimebadilisha. Platini nimebadilisha. Kabureta nimeifungua nikaisafisha mara mbili." Fundi alimwonyesha plagi ya zamani, ncha yake nyeupe kama chaki. "Ona. Injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Nilidhani kabureta imeziba, kumbe wala."

Akavuta waya wa kuongeza mafuta kwa mkono. Injini ikapiga kelele, ikanguruma vizuri kabisa. Akaachia. Ikaanza tena kumisi, tuku-tuku, tuku, tuku-tuku, hadi vioo vya taa vikacheza.

Mkunga akanyamaza, na hapo ndipo fundi alipopata wasiwasi wa kweli. Bibi huyu hakuwa mtu wa kunyamaza. Moyoni alikuwa anaogopa. Magoti yake hayakuweza tena safari za miguu, na bila gari angekuwa mtu wa kuletwa na kurudishwa kama kifurushi. Alilipenda gari lile, basi, na aliona haya kulililia mbele ya mtoto aliyempokea duniani yeye mwenyewe.

Ghafla akasimama, akaingia ndani. Akarudi na kipembe chake cha mbao, kile alichokuwa akisikilizia mapigo ya mtoto tumboni.

"Heee! Bibi, lina mimba?"

"Cheka tu. Na uache kulivutia mafuta kila dakika. Mimba nilikuwa naisikiliza mama akiwa ametulia, siyo akiwa anakimbia."

Akakaza kilemba chake kisije kikavutwa na feni, akaweka mdomo wa kipembe juu ya injini na sikio upande wa pili. Kwenye kifuniko cha vali alisikia tiki-tiki-tiki, sawasawa, hakuna neno. Kwenye kabureta alisikia pumzi nzito. Akasogeza kipembe nyuma ya kabureta, chini kabisa, mahali ambapo mkono wa fundi haukuwa umefika.

Ssssss.

"Weee!" Akapapasa kwa vidole, akakuta mpira mwembamba una moto kidogo, una ufa. Akauziba ufa kwa kidole gumba.

Injini ikatulia. Hivi hivi tu, mara moja, kama mtoto aliyepewa ziwa. Mkunga alijikuta machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

"Ilikuwa inanyonya hewa hapo!" Fundi aliruka, akazima injini, akaleta tochi. Akamulika. "Bibi. Hii iliyozunguka mpira ni nini?"

Ilikuwa plasta. Plasta ya hospitali, ya kufungia vidonda, imekauka na kubanduka.

"Lo!" Mkunga akashika mdomo. "Ule mpira ulipasuka nikiwa naenda kwa mama wa mapacha. Nikaufunga haraka haraka, nikasema kesho nitakuletea uutazame."

"Mapacha wapi, wale wanaosoma darasa la tano?"

"Hao hao."

Fundi alikaa chini vumbini akacheka hadi akashika mbavu. Yeye aliyesimangwa tangu asubuhi! Mkunga alijaribu kununa, ikamshinda, wakacheka wote. Kisha fundi akakata mpira mpya, akaufunga kwa vibano viwili, akarekebisha skrubu ya kabureta taratibu.

Saa kumi kamili kitindamimba akaingia uani. Alijaza glasi mwenyewe hadi ukingoni, bila huruma, akaiweka juu ya kifuniko cha chujio la hewa. Injini ikanguruma. Maji yakafanya viduara vidogo katikati, yakaendelea kufanya viduara. Hata tone halikuanguka.

Kijana akatazama glasi muda mrefu.

"Mama, mimi sina ugomvi na gari," alisema mwishowe. "Naogopa tu. Naogopa lisije likakuzimikia njiani uko peke yako."

"Najua, mwanangu. Ungeanza na hilo, tusingegombana wiki nzima." Akamkabidhi glasi. "Kunywa, umekauka."

Akainywa yote kwa mkupuo. Fundi, aliyekuwa hajui kutunza siri hata ya dakika tano, akamwonyesha kile kipande cha plasta na kumsimulia habari yote, ya ufa, ya kipembe na ya mapacha. Kitindamimba akacheka mpaka glasi ikamponyoka. Kisha akanyoosha mkono mbele ya mama yake, kiganja wazi.

"Ufunguo huchukui tena," mkunga akamkumbusha kwa ukali. "Tulikubaliana!"

"Ufunguo baki nao, mama. Nipe plasta unayofungia gari."

Mkunga akafungua mkoba wake shingo upande, akatoa roli nzima, mpya, haijaguswa.