Mgomba Wenye Rovu

Consolée alikuwa akipalilia mihogo yake huko Kiringye alipoona kwamba mgomba wa nyuma ya choo umeota rovu. Lilikuwa upande wa kushoto wa shingo, chini kidogo ya mkungu, sawa na lake alilolibeba tangu usichana mpaka lilipokatwa Uvira msimu uliopita. Alimaliza palizi kwanza, kisha akaenda kulipapasa. Ndani mlikuwa na punje ngumu kama haragwe kavu.

Hakushangaa. Hapo ndipo alipozika rovu lake. Daktari Rénovat, aliyelikata, humkabidhi kila mgonjwa rovu lake ndani ya mfuko, akalizike kwao, maana nyama ya mtu haiachwi kwa wageni. Mwacha mila ni mtumwa, husema huku akinawa mikono, na watu humsifu. Sifa za bure! Mila inamwondolea kazi ya kupasua marovu na kutazama kilichomo, wala hapeleki hata kipande maabara kupimwa kansa.

Punje zilipoota kwenye migomba ya karibu pia, Consolée alikata rovu lile, akalifunga kwa jani, akapanda pikipiki hadi Uvira.

Daktari hakufungua jani. Alisema kansa haikai ndani ya rovu la kawaida, yeye ambaye hajawahi kuitafuta humo.

"Mama, hii iko magonjwa ya ndizi. Peleka kwa agronome. Weye kula chumvi ya iode, inatosha."

Firmin, bwana shamba, alilipasua papo hapo. Ndizi zina mradi, na mradi una gari, kwa hiyo kipande kilifika maabara siku ileile. Jibu lilikuja kwa simu: kansa ya tezi ya shingo, ya mwanamke, imeanza kutambaa. Firmin akaja Kiringye na watu wake, wakang'oa migomba yote yenye punje na kuichoma, kama kanuni inavyotaka.

Moto ukiwa unawaka, Consolée alimwonyesha pembeni mwa kovu lake. Punje ilikuwepo. Aliogopa sana, na hakuona haya kuogopa.

"Na minye je?" aliuliza, akijigusa kifua.

Firmin aliibonyeza taratibu kwa kidole.

"Mama Consolée, ungekuwa mugomba, ningekutuma maabara kesho."

Kesho yake alirudi mwenyewe hospitalini. Mlangoni alipishana na mwanamke wa Bijombo, shingo imefungwa bendeji, mumewe kabeba mfuko.

"Muizike chini ya mugomba," Consolée aliwaambia. "Apo ndio bataipima."

Kisha akaingia ndani kuambiwa habari za chumvi.