Mitungi ya Mirza

Siku walipofika na vyombo vyao, Bwana Harlan alisimama katikati ya sebule yetu, viatu ameviacha mlangoni, kidole gumba kinachungulia kwenye soksi, akatuapia kwamba hawatagusa hata chembe ya udongo wetu. Alisema kwa Kiingereza, mwenzake Tolga akageuza kwa Kituruki, na mimi nikamalizia kwa Kikurdi kwa ajili ya mama. "Sisi hatuchimbi," alisema. "Tunatazama tu." Nilimwona muungwana. Leo nikiyakumbuka maneno hayo natamani kutema mate.

Walikuja kutafuta safina ya Nuhu. Juu ya kijiji chetu, upande unaotazamana na mlima Agiri, ule ambao watu husema safina ilitua, kuna tuta refu la udongo lililochongoka huku na huku kama meli iliyokwama. Tunaliita Meli tangu enzi za mababu, na kazi yake kubwa ni kulisha kondoo. Harlan alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Marekani, mzee mrefu mwenye machozi ya karibu, na safina alikuwa anaiwaza tangu utoto. Tolga alikuwa fundi wa chuo kikuu, mwenzetu wa nchi moja ingawa si wa lugha moja, mtu wa makamo mwenye kipara na maneno machache. Yeye ndiye alikuwa na kigari. Kilikuwa na magurudumu manne, boksi la rangi ya chungwa tumboni na skrini juu. Ukikisukuma polepole kwenye majani, boksi linapeleka mawimbi chini ya ardhi, yakigonga kitu yanarudi, na skrini inachora.

Mama alikuwa anakunywa chai, donge la sukari amelibana kwa meno kama kawaida yake. Aliposikia habari za kigari alilitoa lile donge mdomoni akaliweka kwenye kisahani. Sijawahi kumwona akifanya hivyo, hata siku ya msiba wa baba.

"Zozan, hebu muulize. Kinaona mpaka wapi?"

"Mita tatu, mama, udongo ukiwa mkavu," Tolga alijibu.

"Mifupa kinaiona?"

Tolga alinitazama mimi kwanza. "Mifupa hapana. Lakini mahali palipochimbwa pakafukiwa, panaonekana. Udongo ukishavurugwa haulali tena kama wa jirani yake. Hata ipite miaka hamsini."

"Thelathini tu," mama akasema. "Mwambie ni thelathini tu."

Kaka yangu Mirza alikuwa na miaka kumi na tisa. Vuli ya mwaka tisini na tatu watu wenye silaha walimchukua zizini, mchana kweupe, mimi nikiwa nimeshika ndoo ya maziwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Hakurudi. Baadaye sana mchungaji mmoja wa kondoo, alipokuwa anakata roho, alisema wiki ile aliwaona watu wakichimba kwenye Korongo la Mierebi. Mama alilichimba korongo lile kwa jembe la mkono viangazi sita mfululizo mpaka magoti yakagoma. Kila alipokwenda kulia kwenye ofisi ya mjini jibu lilikuwa lile lile: "Bibi, tuonyeshe mahali. Hatuwezi kupindua korongo zima kwa maneno ya marehemu." Kwa hiyo mama hakutaka haki, wala hakutaka mtu afungwe. Alitaka mahali tu.

Alimwomba Tolga asukume kigari korongoni, nusu siku. Tolga akasema kibali chao kina mpaka, mpaka unaishia kwenye Meli, na kila mstari wanaopita unarekodiwa. Mama akamwomba Harlan. Harlan alimshika mikono yote miwili, akalia naye, akamwombea dua ndefu, halafu akasema hapana.

Siku saba walipima Meli. Walinyoosha kamba, wakapigilia vigingi vya chuma, wakapita huku na huku kama watu wanaolima shamba lisilopandwa kitu. Mimi niliwapikia, na mama alikuwa anakaa juu ya jiwe kuwatazama. Hawakupata kitu. Jiwe na tope, tope na jiwe. Siku ya saba jioni nilimsikia Tolga akimwambia Harlan kwamba ni afadhali wafunge mizigo.

Siku ya nane, karibu na adhuhuri, Harlan alipiga ukelele. Nilidhani ameumwa na nyoka. Nilipofika nilimkuta amepiga magoti, uso umelowa, anaonyesha skrini. Kulikuwa na vistari vilivyopinda kama nyusi, kimoja kando ya kingine, safu tatu zilizonyooka.

"Nguzo!" Tolga alitafsiri bila furaha. "Anasema ni nguzo za vyumba. Vyumba vitatu."

Nilihesabu. Sita, sita, tano.

Ilikuwa ni jibini letu.

Kila mwanzo wa kiangazi, maziwa yakiwa mengi, tunachanganya jibini na vitunguu mwitu, tunalishindilia kwenye mitungi ya udongo, tunaziba midomo kwa majani ya mzabibu na tope, halafu tunaifukia kichwa chini mpaka vuli. Mahali pa kufukia ni siri ya wanawake wa nyumba. Humwambii jirani, humwambii hata mumeo, maana jicho la mtu likilifuata jibini litaoza. Wengine hufukia nyuma ya zizi. Mama huzika mgongoni mwa Meli, kwa sababu udongo wa kule hautuamishi maji, na ana mkono wa kurudisha majani mahali pake hata kondoo wasijue. Safu ya kwanza yetu, ya pili ya dada yangu aliyeolewa mji wa Van, na ya tatu ya Mirza. Kila mwaka safu ya Mirza hutolewa na kugawiwa kwa wenye shida, na kila mwaka mama huifukia tena, asije akarudi akakuta hatukumwekea.

Nilimkimbilia mama jiweni. "Mama, wameona mitungi! Wanafikiri ni safina. Ngoja nikawaambie kabla hawajajiaibisha."

"Kaa chini."

"Mama..."

"Kaa chini, nimesema. Ukiwaambia, kesho asubuhi hawapo. Na kigari hakipo." Alinikazia macho, na yalikuwa makavu kabisa. "Nenda ukamwambie yule mzee kwamba wazee wa zamani walisema meli ilipasuka. Kipande chake kikateleza mpaka kwenye Korongo la Mierebi."

"Nani alisema hivyo?"

"Mimi. Kwani mimi si mzee wa zamani?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Tukacheka wote wawili pale jiweni kama wasichana walioiba aprikoti kavu za jirani. Halafu nikaenda nikamwambia Harlan. Uongo ulikuwa wa mama, lakini ulimi uliousema ni wangu, na maneno niliyapamba mwenyewe, nikaongeza mpaka misumari ya meli iliyookotwa huko.

Tolga alinisikiliza akiwa amekunja uso. Harlan alipokwenda kupiga simu zake, alinisogelea.

"Dada Zozan, vile vitu viko nusu mita tu chini. Nusu mita! Safina ya nani hiyo?"

"Wewe ndiye fundi, kaka. Mimi mpishi."

"Jembe moja tu lingetosha kujua."

"Si mlisema hamchimbi?"

Akarudi kwenye kigari chake. Nadhani alijua, si jibini lenyewe, ila alijua kuna kitu. Na nadhani alimhurumia mama.

Harlan alikuwa na watu wake huko juu serikalini. Ndani ya siku tatu mpaka wa kibali ukasogezwa, Meli na korongo vikawa eneo moja. Mama alitembea nyuma ya kigari kwa fimbo yake siku nzima, na ya pili yake. Akichoka anasema hajachoka. Alasiri ya siku ya pili, chini ya mwerebi uliosimama peke yake, Tolga alipunguza mwendo. Akarudi nyuma. Akapita tena kwa kukatiza, halafu akasimama, akavua kofia.

"Mwite mama," akasema.

Skrini ilikuwa na mistari iliyolala vizuri, halafu ghafla ikakatika wima, kama mtu aliyekata mkate kwa kisu, halafu ikaendelea. Tolga alipima. Urefu wa mtu, upana wa majembe mawili, kina cha mita moja na kidogo.

"Siwezi kusema ni nani," alisema. "Siwezi kusema hata kama ni mtu. Naweza kusema palichimbwa na mkono wa binadamu, si zamani za kale, na pakafukiwa haraka."

Mama hakulia. Aliuliza kama anaruhusiwa kukaa, akakaa pale pale juu ya majani, akayapapasa. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nishike ile ndoo, na sioni aibu kusema ilikuwa furaha. Usiku ule Tolga alituchapishia karatasi, akaweka alama nyekundu na sahihi yake. Wiki ileile wakaondoka.

Tulikwenda mjini Jumatatu, mama amevaa kitambaa chake cheupe cha sikukuu. Ofisa alikuwa kijana mpole, akaitazama karatasi, akatazama ramani kwenye kompyuta yake, akaitazama tena karatasi.

"Mahali tumepaona, bibi. Pole sana. Lakini hapa hapachimbwi."

"Mlisema nilete mahali," mama akasema kwa Kituruki chake kibovu. "Nimeleta."

"Tangu Ijumaa hili ni eneo la hifadhi. Vile vyumba vya safina vilivyogunduliwa. Meli yote na korongo lote. Amri inasema hata jembe lisiingie mpaka utafiti wa kutochimba ukamilike."

"Utakamilika lini?"

"Wanasema miaka kumi. Labda kumi na mitano."

Mama yangu ana miaka sabini na nane. Nilipigwa na hasira nikasema kila kitu pale mezani, jibini, vitunguu mwitu, safu tatu, uongo wangu. Ofisa alicheka mpaka akajifuta macho, halafu akaona sisi hatucheki.

"Dada, una ushahidi?"

"Fukua mtungi mmoja!"

"Si ndiyo nakwambia, hapachimbwi."

Nilimpigia Tolga simu. Alisema kwenye ripoti yake aliandika kwamba vitu vile viko juu mno na ni vya siku hizi, lakini ripoti iliyofika kwa wakubwa ni ya Harlan. Alisema pia kwamba angeweza kuja kusema mwenyewe, lakini neno lake ni karatasi na la Harlan ni karatasi, na kitu pekee cha kuzitenganisha ni jembe. "Nisamehe, dada," akasema. Nikamwambia ajisamehe mwenyewe, nikakata. Sikumtendea haki. Yeye angalau alivua kofia.

Uzio ulijengwa kabla ya vuli. Mlinzi waliyemwajiri ni Heso, mtoto wa mjomba wetu. Siku ya kufukua mitungi, kijiji kizima kikinuka jibini jipya, tulikwenda na majembe, mimi na mama. Heso alisimama langoni.

"Shangazi, wana kamera kwenye nguzo ile. Wakikuona watatufunga mimi na wewe."

"Mirza alikubeba mgongoni wewe," mama akamwambia. "Ulikuwa unamkojolea."

"Najua, shangazi."

"Basi fungua."

Hakufungua. Aligeuka akashika uzio kwa mikono miwili akalia, mwanaume mzima, na mama akaishia kumbembeleza yeye.

Majira ya kuchipua Harlan alirudi na kundi la wageni wenye kofia zinazofanana. Alikuja nyumbani kwanza, akavua viatu, soksi mpya safari hii, akamkumbatia mama. Nilikuwa nimejifunza Kiingereza cha kutosha kwa kazi moja tu, nikamwambia bila mkalimani. Mle ndani mna jibini. Mama yangu aliliweka. Alikudanganya, na mimi nilikudanganya, kwa sababu ya mwanawe. Tunaomba radhi. Waambie wafukue mtungi mmoja, wataondoa uzio, na sisi tutamzika mtoto wetu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Machozi yakamjaa kama kawaida yake. Akamshika mama mikono yote miwili.

"Naelewa uchungu wenu," alisema. "Lakini hata mkinikana, siwezi. Niliwaahidi siku ya kwanza, humu humu. Sisi hatuchimbi. Tunaiheshimu ardhi yenu."

Mama aliniuliza amesema nini. Nilimtafsiria neno kwa neno, sikupamba kitu. Alifikiri kidogo, akachukua donge la sukari, akalibana kwa meno, akanywa chai yake mpaka ikaisha.

Siku hizi kila Ijumaa namsindikiza mpaka kwenye uzio, upande wa mwerebi. Kutoka pale mpaka mahali pa ile alama nyekundu ya kwenye karatasi ni hatua thelathini na nane. Alizihesabu yeye, kwa macho. Upepo ukivuma kutoka juu unaleta harufu ya jibini lililooza, na wageni huziba pua wakiulizana ni nini kilichokufa huko.