Impundu Kwenye Barafu

Mwenda pole ndiye hujikwaa. Waliotuachia ile methali nyingine hawakuwahi kusimama juu ya barafu wakiwa wamevaa viatu vya makali. Ukisitasita, barafu inakunyang'anya miguu. Ukienda mbio inakubeba, na kuna mahali fulani katikati ya mwendo ambapo huusikii tena uzito wako; unabaki upepo tu, na ule mlio mwembamba wa chuma kikikata baridi, kama mtu anayepasua khanga mpya taratibu chumba cha pili.

Hayo niliyajua nikiwa mtoto, Fort Worth, mji ambao kiangazi chake hulainisha lami. Mama yangu, Sabine, alikuwa akisafisha sakafu katika jengo la maduka lenye uwanja wa barafu katikati yake. Hatukuwa na muda mrefu tangu tutoke kambini Kigoma. Sisi ni Warundi; Kiswahili tulikiokota kule kambini, na mpaka leo ndicho ninachootea ndoto. Mama aliniketisha kwenye benchi kando ya uwanja kwa sababu palikuwa na ubaridi, akaniambia, "Belyse, usibanduke hapo." Nikakaa. Ukungu ulielea juu ya ule weupe, na ndani yake watoto walipita bila kupiga hatua. Niliamini wamekufa. Niliamini ndivyo wafu wanavyotembea huko waliko, kusiko na vumbi. Kisha mmoja akaanguka, akalia, baba yake akamfuata akimcheka. Nikajua ni watu, nikataka.

Kutaka kule ndiko kulikonilea. Viatu vya kwanza vilikuwa vimesahauliwa na mtu, vikubwa, nikavijaza soksi. Baadaye nikapewa fimbo ya hoki ya barafuni, nikaonyeshwa paki, kile kisahani cha mpira mgumu kinachogombaniwa, na nikawa beki. Nilikua nikirudi nyuma. Beki mzuri huishi akienda kinyumenyume, macho mbele, mgongo ukisoma njia. Nikapata timu ya shule, kisha ya chuo, kisha nikaitwa kaskazini kwenye miji ambako maziwa huganda yenyewe bila mashine, nikacheza kwa mshahara. Niliamka asubuhi nikakuta theluji ikishuka dirishani kimya, bila haraka, nikajiuliza kama kweli nimeamka. Mashabiki waligonga vioo. Waliita jina langu vibaya, nikalizoea hivyo.

Mama hakuja hata mara moja.

Alijaribu kunitazama kwenye simu, mchezo wangu wa kwanza wa kulipwa. Nilibamizwa kwenye ubao wa pembeni, nikatema damu na kipande cha jino, nikaendelea. Aliizima simu. Nilipompigia aliniambia, "Mwanangu, mimi nimeona watu wakipigwa. Sikuvuka mpaka nimekubeba mgongoni ili nikae kwenye kiti chenye mto nikutazame ukipigwa."

"Ni mchezo, mama."

"Basi chezeni bila kupigana."

Wenzangu walikuwa na mama zao waliopuliza tarumbeta. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, impundu. Ndivyo sisi tunavyoviita vigelegele. Kwetu impundu hazipigwi ovyo. Hupigiwa mtoto anapozaliwa, hupigiwa bibi harusi. Nilimwambia siku moja kwa utani, "Nikifunga goli utanipigia impundu?" Akajibu, "Olewa uone." Sikuolewa. Goti langu likavunjika, nikarudi Texas, mkononi mkongojo badala ya fimbo.

Nikawa kocha. Wasichana wangu wanatoka Fort Worth na Garland. Wapo Warundi, Wakenya, Wakongo, Wameksiko na wazungu. Ninawaelekeza kwa Kiswahili, kwa sababu sauti yangu hutoka vizuri zaidi humo, na kwa sababu wapinzani huduwaa. Hata watoto wa Kimeksiko wanajua *panua*, wanajua *rudi nyuma*, wanajua *achia*. Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini nisitumie lugha ya kila mtu. Nilimwambia kila mtu kwenye benchi langu anaielewa hii.

Mwaka huu klabu moja ya Houston iliamua kuanzisha timu ya wanawake ya kulipwa, na wakanitaka niwe kocha mkuu. Meneja wao alikuwa Mkenya, Sheldon Mogaka, mkazi wa Katy, pembeni mwa Houston, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi vizuri. Aliniambia nilete wasichana wangu kwenye mashindano yao, wakubwa wanione nikifanya kazi, kisha Jumatatu tutie saini. Niliitaka kazi ile kwa mwili wote. Nilishaanza kuiota. Nilijiona nimesimama nyuma ya benchi, wanawake wazima wakipita mbele yangu ndani ya ukungu, na hakuna aliyekuwa akianguka.

Nilipomwambia mama kuhusu safari, aliniuliza, "Kocha naye hugongwa?"

"Hapana, mama. Kocha husimama tu."

"Basi ninakuja."

Njia nzima kutoka Fort Worth hadi Houston alilala mdomo wazi, mkoba mapajani, na mbele yetu barabara ilimeremeta kwa joto kama maji yasiyofikika.

Nusu fainali ilikuwa sare hadi kipindi cha mwisho. Mama alikuwa jukwaani, amevaa imvutano yake ya harusi, lile vazi letu la kufunga begani, na juu yake jaketi langu la zamani la timu, kubwa kama blanketi. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa akitazama taa za juu.

Lydiah alikuwa na paki. Mama yake ni muuguzi huko Garland, naye ni mdogo kuliko wote, mwepesi kama karatasi. Beki wao alimbamiza kihalali kabisa. Lydiah akaruka, akashuka, akateleza kifudifudi hadi karibu na goli lao, na paki ikamfuata ikasimama karibu na fimbo yake. Refa hakupiga filimbi. Uwanja ukanyamaza, kimya kile cha watu wanaongojea kuona kama mtoto atasogea. Nakijua kimya kile kwa upande wa chini, shavu likiwa kwenye barafu. Hukaa muda mrefu sana kule.

Lydiah akapiga goti. Akainuka.

Ndipo ikaja sauti. Ilianza nyembamba, ikapanda, ikajizungusha chini ya paa la bati na kurudi imekuwa nyingi, kana kwamba walikuwa wanawake wa kilima kizima. Nilijua ni nani kabla sijageuka. Kwa kitambo sikuwa Houston; nilikuwa sehemu ambayo sijawahi kuiona, penye moshi wa jikoni, na mtu alikuwa amezaliwa.

Kipa wao alinyanyua uso kutazama jukwaani. Wasichana wangu hawakunyanyua. Wengi wamekulia ndani ya sauti hiyo, harusi kwa harusi, na waliobaki wameizoea kwenye harusi za wenzao. Lydiah akausogeza mkono. Goli.

Kocha wao aligonga ubao, akapiga kelele kwamba wameibiwa. Refa alitikisa kichwa, akahesabu goli. Tukaenda fainali.

Sheldon alinifuata kwenye maegesho, jasho limeshalowesha lile shati. Mama alikuwa kiti cha mbele, mlango wazi, anakula mandazi niliyomfungia.

"Shikamoo, mama," Sheldon alisema.

"Marahaba. Umejifunza wapi? Nyinyi Wakenya Kiswahili mnakitwanga kama mahindi."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Kocha, wamekasirika huko ndani. Wanasema ile ni kifaa cha kelele. Kama honi. Rules zinakataza."

"Ulimi wa mama yangu ni kifaa?"

"Dada, mimi mwenyewe nyanya yangu akipiga, kuku walikuwa wanatoka kwa nyumba. Mimi najua. Hawa hawajui. Na mwenyekiti wa mashindano ndiye huyo huyo ana-sign contract yako. Ingia, sema sorry, sema mama haelewi game, kesho kwa fainali akae hoteli. Dakika moja. Jumatatu wewe ni head coach."

"Na nisiposema?"

Alitazama viatu vyake. "Usinifanye niseme hiyo."

Mama alijipangusa vidole. "Nimewaharibia?"

"Hapana, mama."

"Huyu kijana uso wake unasema nimeharibu." Alianza kushuka garini, akishika mlango. "Nitaingia mimi. Nitapiga magoti, yaishe. Kuomba msamaha hakuvunji mfupa."

Nilimwona akitafuta ardhi kwa mguu, na nikaona magoti yale yamekwisha kujikunja, yakiijua kazi. Mama yangu ameomba radhi maisha yake yote. Aliwaomba radhi maofisa wa kambi kwa kuwa mwisho wa foleni. Aliwaomba radhi watu waliokanyaga sakafu aliyotoka kuipiga deki.

"Kaa, mama."

"Belyse, kazi yako."

"Niambie kitu. Kwa nini ulipiga? Goli lilikuwa halijaingia."

Alinishangaa. "Goli gani?"

"Lile la Lydiah."

"Mimi sikuona goli. Nilikuwa namtazama mtoto. Alikuwa chini, akaamka." Aliuchukua mkono wangu, akauweka juu ya lile goti langu bovu kama anayenionyesha kitu nilichokipoteza. "Ulitaka nisubiri nini tena?"

Sheldon aligeuka kando, akasafisha miwani ambayo haikuwa na uchafu.

Niliingia peke yangu. Chumba kilikuwa juu, chenye kioo kirefu kinachotazama uwanja. Mwenyekiti alikuwa mzungu mpole, mwenye kikombe cha kahawa na sauti ya mtu anayetaka watu wote waende nyumbani na furaha. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba anaipenda kazi yangu, kwamba maneno machache yatatosha, kwamba hakuna anayemlaumu mama wa watu kwa kutojua. Nyuma yake, chini, mashine ilikuwa ikizunguka uwanja polepole, ikifuta alama zetu zote, na nyuma ya mashine barafu ilibaki nyeusi, yenye maji, kama usiku uliolazwa sakafuni. Niliitazama. Nilikuwa na usingizi mtamu, kama ule wa mtoto aliyeketishwa mahali penye ubaridi akaambiwa asiogope. Niliiona kazi ile ikisimama upande wa pili wa kioo, imevaa rangi za timu, ikinisubiri. Ilikuwa nzuri. Sitasema uongo kwamba haikuwa nzuri.

"Coach?" alisema.

"Siombi radhi," nilimjibu. Kwa Kiswahili kwanza, ili nijisikie vizuri, kisha kwa lugha yake, polepole, asije akadhani amenielewa vibaya.

Alisema labda nilihitaji kulala nifikirie. Nilimwambia nimeshalala na nimeshafikiria. Alisema mama yangu anaweza kukaa fainali bila kufanya vile. Nilimwambia mama yangu atakaa na ulimi wake, na akiona mtu ameamka atafanya anavyofanya.

Kesho yake mama alikaa pale pale, na jaketi lile lile. Tulifungwa kihalali, wala hakuna sauti iliyotusaidia, walituzidi mbio. Jumatatu Sheldon alinipigia simu, sauti imeshuka, akaniambia wamemchukua mtu mwingine. Nilimshukuru. Siku hizi watu wetu wananipa pole kanisani. Wananishauri, kwa upendo, nimwandikie yule mwenyekiti, kwamba mlango bado haujafungwa kabisa, kwamba ni neno moja tu.

Ninalijua neno lenyewe. Sitalisema. Si kwake, si kwa klabu yake, si kwa kipa aliyenyanyua uso. Siombi radhi.