Milango Kumi na Tisa

Uongo wenyewe ulisemwa mchana kweupe, kwenye uwanja wa kuanikia nguo, mbele ya watu zaidi ya mia, na aliyeusema alikuwa amevaa tai. Alikuwa afisa makazi wa manispaa. Wapangaji walimwita Bwana Mchakato, maana kwa miaka sita kila walipomuuliza habari za bomba lililopasuka au taa za ngazi, jibu lilikuwa lile lile: liko kwenye mchakato. Siku hiyo alikuja na jipya. Manispaa imeingia ubia na mwekezaji. Jengo kuukuu litavunjwa, litajengwa jingine lenye lifti, na kila mpangaji atarudi kwenye nyumba mpya.

"Mtajuaje nani anastahili nini?" akauliza mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu, mtu asiyependa hesabu za kukisia.

"Tutahesabu milango, mwalimu. Mlango mmoja, nyumba moja."

"Na wanaoishi familia mbili ndani ya mlango mmoja?"

Bwana Mchakato akatabasamu. "Mwenye mlango wake ana nyumba yake. Tunakuja kuhesabu baada ya wiki tatu. Mengine mnaelewa wenyewe, ninyi ni watu wazima."

Wakaelewa. Nani asingeelewa?

Aliyeelewa upesi kuliko wote alikuwa fundi mwashi wa ghorofa ya kwanza. Walimwita Timazi, jina la kile kifaa cha kupimia kama ukuta umesimama wima, kwa sababu hata picha ikikaa upande kwenye sebule ya watu, hawezi kunywa chai yao mpaka ainyooshe. Kwake aliishi na mkewe, watoto watatu, na dada yake mkubwa, mjane, mpiga pasi kwenye dobi la hospitali. Dada alikuwa amekaa miaka kumi na moja nyuma ya kipande cha plaiwudi kilichogawa sebule. Ili afike kitandani kwake ilibidi apite mbele ya televisheni, kichwa ameinamisha, akiwaomba samahani watoto wa mdogo wake. Ametoka kwa baba akaenda kwa mume, kwa mume akahamishiwa kwa mashemeji, mashemeji wakamchoka. Alikuwa na miaka hamsini na minne na hajawahi kumiliki ufunguo.

Kesho yake asubuhi Timazi akachukua nyundo na tindo, akaugonga ukuta unaotazama korido, akausikiliza. Jengo lile lilisimama kwa nguzo za zege. Matofali katikati yalikuwa ya kujazia tu, hayakubeba kitu. Akatoboa, akaweka linta, yaani kile kipande cha zege kinachobeba matofali ya juu, akapachika fremu, akapima, akapima tena. Siku ya tatu mlango ukasimama. Dada akaufunga kwa ufunguo, akaufungua, akaufunga tena. Siku hiyo alichelewa kazini, na hakuwa amewahi kuchelewa.

Majirani hawakungoja kualikwa. Korido ikajaa watu: fundi, na kwangu, fundi, mama mkwe wangu analala jikoni, fundi, sisi ndugu wawili na wake zetu tumetenganishwa na pazia. Akawafanyia wote. Walibeba kifusi kwa ndoo, wakachanganya saruji wenyewe, seremala wa ghorofa ya nne akatengeneza fremu. Wawili tu aliwakatalia, kwa kuwa ukuta wao ulishikana na ngazi. "Hapo hata unipigie magoti," aliwaambia. Wiki tatu zilipoisha jengo lilikuwa na milango mipya kumi na tisa, na watu walitaniana kwamba limegeuka chujio. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema lolote kuhusu anayetoboa ukuta kwa kuchochewa na serikali.

Siku ya kuhesabu, hakuja mtu wa kuhesabu. Alikuja mhandisi wa mwekezaji, na kamera, na utepe wa kupimia. Alipiga picha kila mlango mpya, na kila mahali ambapo plasta ilikuwa haijakauka. Timazi akamfuata nyuma akimweleza habari za linta na nguzo. Mhandisi hakuitika hata salamu.

Baada ya siku nne karatasi zikabandikwa. Jengo limekuwa hatari. Wakaazi wameharibu kuta kwa makusudi. Watoke wote ndani ya siku saba, na kwa kuwa wamevunja masharti ya upangaji, haki yao ya kurudi imefutwa.

Mwalimu aliisoma kwa sauti, kisha akaisoma tena kimyakimya kama mtu anayetafuta kosa kwenye daftari la mwanafunzi. "Tumechimbiwa shimo," akasema, "na majembe tukaleta wenyewe."

Waliokuwa wakimwita fundi, fundi, sasa walimpita koridoni kama hawamwoni. Mmoja hakupita. Alimsimamia mlangoni na kumwambia, "Umetuponza." Timazi angemwambia nini? Kwamba kila linta aliiweka kwa mkono wake na hakuna hata moja iliyoshuka upana wa ukucha? Hasira ilimchemka, na hakuwa na wa kummwagia. Uchungu uliomla haukuwa wa kudanganywa. Kudanganywa amezoea. Uchungu ulikuwa kwamba walichukua kazi yake nzuri, kazi iliyonyooka, wakaiita uharibifu.

Siku ya tano akaitwa manispaa. Barua ilimtaja yeye peke yake, lakini dada alivaa sare yake ya dobi akasema anakwenda naye. Wakapanda ngazi pamoja. Karani akamwonyesha dada benchi la nje, naye dada akakaa, mkoba mapajani, na Timazi akaingia.

Bwana Mchakato alikuwa mpole siku hiyo. Alisukuma karatasi juu ya meza. "Fundi, hatuna ugomvi na wewe. Hapa unasema tu kwamba ulitoboa kuta bila kuagizwa na mtu, na kwamba unaona jengo limedhoofika. Ukitia sahihi, kuna nyumba mbili. Moja yako, moja ya dada yako. Ghorofa ya pili, zinatazamana."

"Na wengine?"

"Wengine wako kwenye mchakato."

"Ulisema utahesabu milango."

"Nani amesema? Una barua? Una muhtasari wa kikao?"

Timazi akaitazama ile karatasi. "Mheshimiwa, nimejenga miaka thelathini. Nimejenga na vyoo. Lakini sijawahi kuuona ukuta uliosimama wima nikasema umelala. Hatutaki nyumba zako, kaa nazo." Akairusha karatasi, ikaangukia kifuani kwa Bwana Mchakato, kwenye ile tai.

Alitoka akitweta. Wakaanza kushuka ngazi, naye akimsimulia dada yake yote, neno kwa neno, na hasira yake ilikuwa imeanza kumpendeza kidogo, kama mtu aliyesimama mahali pake. Kwenye kona ya ngazi dada akasimama.

"Rudia hapo. Alisema nyumba mbili?"

"Mbili. Nikamrushia karatasi yake."

"Ya pili ilikuwa ya nani?"

Timazi akakohoa. "Yako."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Si ulikuwa hapo kwenye benchi?"

"Hatua sita," dada akasema. "Mlango wenyewe ulikuwa wazi nusu, nakuona mgongo. Hukuweza kugeuza shingo?"

"Dada, walitaka kututumia. Majirani wangelala nje—"

"Majirani usinifundishe. Nani anawapigia pasi sare za watoto wao kila Jumapili?" Sauti yake haikupanda. "Baba alinipangia mume. Mashemeji wakanipangia siku ya kuondoka. Wewe ukanipangia plaiwudi, nikashukuru. Hata ule mlango niliupenda, lakini hukuniuliza. Leo mwenye tai anakupa wewe nyumba yangu, na wewe unamrudishia nyumba yangu. Mnarushiana. Mimi ni fanicha?"

Watu wawili walikuwa wanapanda na mafaili yao. Waliwapisha, wakangoja wapite.

"Kwa hiyo ungekubali?" akauliza Timazi, polepole. Aliliogopa jibu kuliko alivyoiogopa ile karatasi.

"Ningekataa."

"Basi si sawa tu?"

"Ningekataa, na kalamu yake ningemrushia," dada akasema. "Lakini ningekataa mwenyewe. Katika maisha yangu sijawahi kuwa na kitu kikubwa cha kukataa. Kimekuja kimoja, umekimaliza wewe."

Miaka kumi na moja Timazi alijiona mtu mwema kwa dada yake, na pengine alikuwa. Lakini alikumbuka jinsi alivyougonga ule ukuta asubuhi ile, akausikiliza kwa makini, tofali kwa tofali, wakati dada yake amesimama pembeni yake na kikombe cha chai mkononi. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Dada akageuka, akaanza kupanda. Timazi akanyanyua mguu amfuate, na yeye, bila kutazama nyuma, akamzuia kwa kiganja. Alilipita benchi. Alimpita karani aliyekuwa akimwita mama, mama, subiri. Akaingia bila kubisha.

"Mimi ndiye mwenye ile nyumba ya pili," sauti yake ikasikika hadi nje. "Nipe hiyo karatasi niisome. Na huyo mhandisi wako aitwe, nataka anionyeshe mlango wangu umedhoofisha nini."

Timazi akapanda zile ngazi chache zilizobaki, akakaa kwenye benchi, akangoja.