Gabrieli Anaacha Ziwa

Wifi yangu Winfrida ana ubishi wa kimyakimya, na mimi nampendea huohuo. Hapa Bigwa kila mtu alishampa maelekezo: mtoto akikua, mama ajipake shubiri kifuani, au mtoto apelekwe mlimani kwa bibi yake mpaka asahau. Winfrida alisikiliza, akaitikia, akaendelea na mambo yake.

Mwanawe Gabrieli anakula kama mkulima aliyeteremsha mzigo wa kabichi, ila ziwa lilikuwa halimpiti. Winfrida akaanza kwa kuondoa la mchana. Saa yake ikifika, anampa uji wa karanga kisha wanatoka kutazama kuku. Mtoto alipozoea, akaondoa la asubuhi. Kifua kikimjaa, alikamua kidogo tu apate nafuu, akaweka kitambaa cha maji baridi. Hakuwa na haraka hata chembe. Mimi ningeshapaka pilipili zamani.

Likabaki la usingizi. Hapo ndipo mama yangu alipoteremka kutoka mlimani, Jumapili baada ya misa.

"Nimekuja kumchukua mjukuu wangu," alisema hata kabla ya kuketi.

Winfrida alipiga goti. "Shikamoo, mama. Naomba uniachie. Nataka aache ziwa, sitaki aniache na mimi."

"Nyie wasichana wa siku hizi! Watoto wetu wote tuliwapeleka. Nani alikufa?"

Mama yangu si mtu wa kukataliwa. Wakati huohuo Gabrieli akaja anasinzia, akapanda mapajani kwa mama yake, akavuta blauzi. Winfrida hakumzuia wala hakumpa. Alimpapasa mgongo polepole, akiimba kwa pumzi tu. Mtoto akaligusa ziwa kwa kiganja, akalilaza shavu lake pale, akalala. Hakunyonya. Nilitamani kupiga vigelegele.

Mama aliwatazama muda mrefu. Chai ilipoisha aliaga, na habari ya kumchukua mtoto hakuirudia.

Nilimsindikiza hadi njia ya kupanda mlima. Akanishika mkono, jambo ambalo si kawaida yake.

"Editha, wewe nilikupeleka kwa bibi yako. Niliporudi kukuchukua, ulinikimbia, ukajificha nyuma yake."

"Nilikuwa mtoto, mama."

"Najua. Miaka yote hii nilidhani hakukuwa na njia nyingine."