Zamu Moja kwa Mbili

Miaka miwili mfululizo Radi, timu ya wanawake aliyoifundisha Mama Domitille, ilishika mkia katika Kombe la Kiangazi la Kolwezi. Mwaka uliopita ilifungwa mabao thelathini na moja katika mechi tano. Kamati ikamwandikia barua: mkishika mkia mara ya tatu, nafasi yenu itapewa timu nyingine.

Domitille aliisoma barua ile amesimama mlangoni pa kibanda chake cha kushonea, karibu na soko la Manika, akaikunja na kuitia mfukoni mwa aproni pamoja na chaki na utepe wa kupimia. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Enzi zake alikuwa kipa, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havijanyooka tangu wakati huo.

Kushika mkia kulikuwa na faida moja tu. Timu zilikuwa sita, na ili zenye nguvu zisikusanye wachezaji wote wazuri, kamati ilikuwa na utaratibu wake: kila timu ilibaki na wachezaji tisa wa zamani, na wapya wote walijiandikisha, wakajaribiwa uwanjani kwa siku tatu, kisha makocha wakawachagua kwa zamu. Mizunguko ilikuwa mitatu, zamu kumi na nane kwa jumla. Timu ya mwisho ya mwaka uliopita ndiyo iliyoanza, zilizobaki zilipangwa kwa kura, na mpangilio huo ulirudiwa kila mzunguko. Makocha waliruhusiwa kubadilishana zamu, lakini baada ya siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuongeza mtu.

Kwa hiyo zamu ya kwanza ilikuwa ya Domitille, na mji mzima ulijua atamchagua nani.

Tatiana alikuwa ameshuka kwenye gari la moshi kutoka Mutshatsha, binti wa miaka ishirini, mrefu, mpole wa maneno. Katika siku tatu za majaribio alifunga mabao tisa. Siku ya tatu watu walipanda hadi juu ya malori yaliyoegeshwa kando ya uwanja ili wamwone. Madereva waliokuwa wakipeleka madini mpakani walisahau safari.

Domitille naye alikuwapo siku zote tatu, amejifunga kitenge mabegani kwa ajili ya baridi ya Julai, daftari gotini. Bao la kwanza la Tatiana lilimnyanyua kitini. La pili vilevile. Lakini baada ya hapo aligundua kwamba makocha wenzake wote wanatazama lango moja, akageuza kiti chake, akatazama lango la pili.

Huko aliona mambo. Alimwona Marlène, kipa wa Dilolo, mfupi kiasi cha kuchekwa kila alipojipanga chini ya mwamba, lakini aliyetoka langoni kama risasi na kuchukua mpira miguuni pa watu. Alimwona Mushiya, kiungo asiyefanya chochote cha kupigiwa makofi isipokuwa kwamba mpira haukumpotea. Na aliwaona Brigitte na Kabemba, mabeki, ndugu wa tumbo moja. Siku ya kwanza walipangwa timu tofauti, wakacheza vibaya wote wawili. Siku ya tatu, kwa bahati, walipangwa pamoja. Hawakuitana hata mara moja. Mmoja akipanda, mwingine alikuwa ameshashuka. Dakika arobaini, hakuna aliyepita.

Jioni alipiga hesabu. Hakuna kocha ambaye angewachagua hao kabla ya zamu ya sita. Sasa zamu ya kwanza ilikuwa ya nini kwake? Angempata Tatiana, na nyuma yake angebaki na shimo lilelile lililopitisha mabao thelathini na moja. Na wale ndugu wawili ilibidi awapate pamoja, zamu mbili zinazofuatana, la sivyo hawana maana.

Siku ya uchaguzi makocha walikutana katika ukumbi wa parokia. Kabla kikao hakijafunguliwa, Domitille alimfuata Kalonji, kocha wa Mwangaza, mabingwa wa mwaka uliopita. Kalonji alikuwa mtu wa miwani myeusi na sauti kubwa, mwenye zamu ya nne.

"Tata Kalonji, ule Tatiana, unamutaka?"

"Mama, unanicheka? Nani hamutaki?"

"Basi kamata zamu yangu ya kwanza. Mi unipe ya nne na ya kumi."

Kalonji alivua miwani. Alimtazama kama anayetafuta mtego ulipo. "Ya nne na ya kumi? Njo ile tu, hakuna ingine?"

"Njo ile tu."

Walipeana mikono mbele ya katibu wa kamati, naye akaandika. Kalonji alirudi kitini akitikisa kichwa, akamnong'oneza jirani yake, na ukumbi ukaanza kuvuma kwa kicheko. Domitille hakukaa. Alivuka upande wa pili, kwa Muamba, mzee mwembamba mwenye zamu ya sita, aliyekuwa ana wasiwasi kwamba mshambuliaji wa pili kwa ubora atamponyoka.

"Tata Muamba, mi niko na ya nne sasa. Unipe ya sita na ya kumi na mbili."

Muamba hakuuliza mara mbili.

Katibu akasoma orodha mpya. Domitille alikuwa amekuja na zamu tatu, sasa alikuwa na tano: ya sita, ya saba, ya kumi, ya kumi na mbili na ya kumi na tatu. Kalonji alibaki na mbili. Lakini ya kwanza ilikuwa yake, akasimama na kulitaja jina la Tatiana kama anayesoma matokeo ya kura za urais. Watu walipiga makofi.

Zamu ya tano ilimtoa Domitille jasho. Kocha aliyekuwa nayo alihitaji kipa, na kila mtu alilijua hilo. Alipitisha kidole kwenye orodha, polepole, akasimama juu ya jina moja, akarudi juu. Domitille alitazama dari. Hatimaye yule kocha akamtaja kipa mwingine, mrefu kama nguzo ya umeme, na Domitille akapumua.

"Mushiya," alisema ilipofika ya sita. Na papo hapo, ya saba: "Marlène."

"Ule mufupi?" aliuliza katibu.

"Ule mufupi."

Ukumbi ukacheka tena. Lakini zamu ya tisa ilimuumiza: beki wa kushoto aliyemtaka, msichana aitwaye Mbuyu, alichukuliwa. Ilimbidi afikiri haraka. Kwa zamu ya kumi akamchagua Huguette, muuza makaa wa miaka ishirini na saba, mama wa watoto wawili, ambaye katika daftari alikuwa amemwandikia neno moja tu: anakimbia. Ya kumi na mbili, Brigitte. Ya kumi na tatu, Kabemba. Wale ndugu walikuwa wamesimama mlangoni. Walishikana mikono, wakaanza kulia.

Ernestine, nahodha wa Radi, alimsubiri nje. Hakuwa na machozi, alikuwa na hasira.

"Mama, umetuuza! Tulikuwa na Tatiana mukononi!"

"Mi sikuuza mutu, mwanangu. Nilitoa zamu."

"Batu banatucheka mu mji muzima."

"Bacheke. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, mazoezi. Usichelewe."

Mechi ya kwanza, kwa mkosi, ilikuwa dhidi ya Mwangaza. Radi ilipigwa manne kwa moja, na Tatiana alifunga matatu. Mashabiki wa Kalonji walimzunguka Domitille wakimwimbia, "Zamu moja kwa mbili, asante mama!" Alikwenda nyumbani kwa miguu, akakaa kitandani na viatu vyake. Kwa nusu saa nzima aliamini kwamba amewaharibia wasichana wake mwaka. Kisha akafungua daftari. Mabao mawili kati ya yale manne yalipita kushoto, kwa beki wa zamani aliyechoka. Akachukua penseli, akaandika hapo jina la Huguette.

Huguette hakuwahi kucheza beki maishani mwake. Lakini alikimbia. Mechi ya pili ilikwisha sare, bila bao. Ya tatu Radi ilishinda moja bila. Ya nne, mbili bila. Kufikia hapo watu waliokuwa wakimcheka Marlène walikuwa wakija mapema kushika nafasi nyuma ya lango lake. Mechi ya tano walishinda tatu bila, na Radi, timu ya kushika mkia, ikaingia fainali ikiwa ya pili.

Ya kwanza, bila shaka, ilikuwa Mwangaza. Tatiana alikuwa amefunga mabao kumi na moja. Lakini Kalonji alikuwa na wachezaji kumi na mmoja tu, tisa wa zamani na wapya wawili, na mwezi mzima walikuwa wakicheza haohao kila Jumapili. Kwenye benchi lake siku ya fainali aliketi yeye na mfuko wa machungwa. Benchi la Domitille lilikuwa na watu watatu, wameoga, wamepumzika, wanatingisha miguu.

Dakika ya kumi Tatiana aliwatoka viungo wawili na kubaki na Marlène. Uwanja ulisimama. Marlène hakungoja, alitoka chini, akateleza kwenye vumbi jekundu, akainuka na mpira kifuani. Dakika ya thelathini Brigitte alipitwa, na alipopitwa Kabemba alikuwa tayari pale. Mapumziko yakafika, hakuna bao.

"Tatiana hajachoka," Ernestine alisema, akihema.

"Tatiana hajachoka," Domitille alikubali. "Angalia bale bengine."

Kweli, wengine walikuwa wamelala chali majanini, mmoja akinyooshwa mguu na mwenzake. Dakika ya sitini Domitille aliingiza watu wapya wawili mbele. Dakika ya sabini, wa tatu. Kiungo wa Mwangaza akakaa chini kwa kukazwa misuli, akasimama, akakaa tena. Tatiana alishuka hadi katikati ya uwanja kuutafuta mpira mwenyewe, maana hapakuwa na wa kumletea.

Dakika ya themanini na moja Mushiya aliupata mpira, hakuupoteza, akamtafutia Huguette pembeni. Huguette alikimbia. Hakuna aliyemfuata, kwa sababu hakuna aliyekuwa na miguu ya kumfuata. Akaupiga katikati, na Ernestine, Ernestine aliyekasirika mlangoni pa ukumbi, akaruka na kuupiga kichwa.

Kelele za bao lile zilisikika hadi barabara kuu. Malori yakapiga honi bila kujua yanapigia nini.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Domitille alibaki kitini akicheka. Wasichana kumi na wanne walimfikia kwa pamoja na kumbeba na kiti chake. Kutoka huko juu aliwaona wale ndugu wawili wamekumbatiana mbele ya lango lao, na Marlène amepanda mabegani mwa kipa wa Mwangaza, aliyejitolea mwenyewe kumbeba. Alimwona Kalonji akija, miwani mkononi.

"Mama," Kalonji alisema, ikabidi ainue uso ili amwone, "mwaka ujao mi njo nitakuya kwako wa kwanza."

"Karibu sana, tata. Na ukuye na zamu mbili."

Tatiana alikuja nyuma yake kumpa mkono, macho mekundu, heshima zote. Domitille aliomba ashushwe. Alimshika binti yule mashavu kwa mikono yake miwili, akamwambia kwamba hajaona mchezaji kama yeye katika mji huu kwa miaka thelathini, na alimaanisha kila neno. Kisha Ernestine akamwekea kombe mikononi, likiwa zito kuliko alivyotarajia, na Radi nzima ikashika barabara ya Manika ikiimba, katikati ya njia, magari yakiwasubiri nyuma.