Waya wa Pili

Fundi lifti alikuja kisiwani kupumzika, na kufikia saa nne ya asubuhi ile ya Jumamosi alikuwa amekwisha kuchoshwa na kupumzika.

Kisiwa chenyewe hakikumkosea lolote. Kilikuwa ukanda mrefu wa mchanga, mwembamba kiasi kwamba ukisimama katikati unasikia maji pande zote mbili: upande wa nje mawimbi yanagombana, upande wa ndani, unaotazamana na bara, maji yametulia kama yamo kwenye beseni. Kulikuwa na vibanda sita vya wageni, duka moja la soda, na boti iliyoleta watu asubuhi na kurudisha wengine saa nane mchana. Mtandao wa simu haukuwepo, ila juu ya kilima cha mchanga, tena usimame umeelekea bara.

Mkewe, mwalimu wa chekechea, alikichagua kisiwa hicho hasa kwa hilo la mtandao. Miaka tisa ya ndoa, na kila safari waliyopanga iliishia njiani: mara bwana karudi kuhakikisha jiko, mara karudi kuhakikisha kitasa. Kazini walimwita Hakikisha, naye akalipokea jina kama sifa, maskini. Safari hii mapacha wao waliachwa kwa shangazi yao, na mkewe akasema neno moja tu mlangoni: "Baba Pacha, ukirudi njiani leo, utarudi peke yako. Na mimi sitafunga begi na wewe tena."

Basi mtu aliyeambiwa hivyo si angeacha mambo ya kazi nyumbani? Wapi! Alificha kikebe chake cha kazi ndani ya soksi, na soksi ndani ya begi. Mkewe alipokuwa nje akijipaka mafuta, yeye akakifungua kibandani, ahakikishe. Mlipaswa kuwa na nyaya mbili nyekundu. Ulikuwamo mmoja.

Nyaya hizo si za mchezo. Mlango wa lifti una swichi yake. Mlango ukiwa wazi, lifti haiondoki. Fundi akitaka kuijaribu, huiunganisha ile swichi kwa waya mwekundu, lifti ikadanganyika kwamba mlango umefungwa. Akimaliza huuchomoa, na haruhusiwi kutoka kwenye jengo kabla ya kuhesabu: wa kwanza, wa pili. Akiusahau mle, lifti inaweza kuondoka mlango ukiwa wazi, na mtu mguu mmoja ndani, mwingine nje. Jana mchana alikuwa ametengeneza lifti ya jengo la ghorofa tisa. Alihesabu? Alikumbuka kuhesabu, lakini alikumbuka Ijumaa zote kwa pamoja, na ya jana hakuweza kuitenga.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, naye aliinama: chini ya kitanda, ndani ya viatu, kwenye mkoba wa mkewe, mpaka ndani ya chupa ya chai.

"Unatafuta nini?" mkewe akauliza kutoka nje.

"Miwani."

"Si umeivaa?"

Akacheka kicheko cha mtu aliyekanyaga msumari, akatoka, akajinyoosha kwenye mkeka chini ya mwavuli wao mwekundu. Akafumba macho. Kila wimbi lililopiga, aliona mlango wa lifti ukifunguka. Ghorofa ya tano ya jengo lile ilikuwa na kliniki ya meno, na Jumamosi hujaa watoto, na watoto huikimbilia lifti bila kutazama. Aliogopa. Tena aliona haya kuogopa, maana alikuwa ameogopa bure mara nyingi mno.

Akisema, safari imekwisha. Akinyamaza, huenda mtoto wa mtu... Fikra hiyo hakuimaliza.

"Naenda kunyoosha miguu," akasema, na miguu ikanyooka moja kwa moja hadi juu ya kilima.

Mlinzi wa jengo alipokea upesi. "Fundi! Si uko mapumzikoni wewe?"

"Kaka, sikiliza. Zima ile lifti, sasa hivi. Nadhani nimesahau waya ndani."

"Unadhani?"

"Izime tu, kaka. Watu wapande ngazi."

"Haya, haya, naizima. Kapumzike, fundi."

Kukiri kosa kama lile kungeweza kumnyang'anya kazi, na alilijua hilo vizuri; lakini aliposhuka kilima alipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kilichobaki ni kwenda kuutoa waya kwa mkono wake mwenyewe. Akapiga magoti kando ya mkeka, akamweleza mkewe yote, kikebe, soksi, simu, na boti ya saa nane.

Mkewe aliifunga chupa ya mafuta, akaketi wima.

"Nilijua tu utapata kitu," akasema. "Ni mawazo yako, Baba Pacha. Siku zote ni mawazo yako. Haya, waya gani huo?"

"Mwekundu. Mfupi hivi, una vibanio ncha zote mbili."

Mkewe akamkodolea macho, kisha akatazama juu. Pale ambapo mti wa mwavuli ulipaswa kuwa na pini, palikuwa pamefungwa waya, mwekundu chini ya kitambaa chekundu, vibanio viwili vikining'inia.

"Pini ilipotea," akasema polepole. "Jana jioni nikifunga mizigo nyumbani nikakuta kikebe kiko wazi mezani, nikachukua kamoja. Nilidhani ni kamba tu. Wee baba, kuuliza si ujinga! Ungeniuliza mimi tangu asubuhi!"

Akaufungua waya, mwavuli ukawaporomokea wote wawili, wakacheka humo ndani mpaka machozi. Kisha fundi akakumbuka ngazi za ghorofa tisa, wakapanda kilima pamoja, akaweka simu kwenye spika.

"Kaka, waya nimeuona. Washa lifti, watu wasiumie magoti bure."

"Kuiwasha?" mlinzi akashangaa. "Mbona sikuizima."

Fundi akaiinamia simu. "Hukuizima?"

"Mwezi jana ulinipigia mara tatu, fundi. Nikazima mara tatu, nikatukanwa na jengo zima. Kulikuwa na nini? Hakuna kitu. Nikasema leo akitulia atapiga mwenyewe. Na si umepiga? Nilijua ni mawazo yako tu. Ingekuwa kweli, ningejua."

"Ungejuaje?"

Nyuma ya mlinzi kengele ya lifti ililia, na sauti za watoto zikaingia ndani.

Fundi akaikata simu. Mkewe alikuwa kando yake, waya mkononi, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Na wewe?" fundi akamwuliza. "Kama huu ungekuwa umebaki kule, ungeniamini?"

Mkewe aliuzungusha waya kidoleni, akauzungusha tena.

"Ningekuambia upumzike," akasema.